Kwa Salma, kuhusu mabehewa ya wafalme

Nairobi

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kutoka huku Nairobi. Natumai u mzima pamoja na wote nyumbani. Katika barua yako uliniuliza kwa nini wafalme walitengenezewa mabehewa yao wenyewe ilhali daraja la kwanza lilikuwapo. Naona jibu linategemea sana ni mfalme yupi.

Malkia Victoria, aliyepanda treni kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1842 kutoka Slough hadi London, alitaka kusafiri kwa utulivu na faragha. Mwaka 1869 alitengenezewa mabehewa mawili, moja la mchana na jingine la kulala, yenye kiungo kilichokunjika kama mvukuto ili mtu aweze kuvuka treni ikiwa mwendoni. Ufundi huo ulikuwa mgeni Uingereza, naye hakuuamini hata kidogo: kila alipotaka kuhamia behewa la pili, treni ilisimamishwa kwanza ndipo avuke. Mwaka 1895 mabehewa hayo yaliunganishwa kuwa moja refu lenye magurudumu 12, na hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli huko York, pamoja na hariri zake.

Kitukuu wake, Mfalme George wa Sita, alihitaji kinyume cha hayo. Alipozuru Afrika Kusini mwaka 1947 pamoja na mkewe na binti zao, Elizabeth na Margaret, walizungushwa nchi nzima kwa Treni Nyeupe, ambayo ilikuwa nyumba na ofisi yao, na ambayo ilisimama hata kwenye stesheni ndogo ili watu wamwone mfalme kwa macho yao. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ziara inayoonyesha vizuri zaidi kazi halisi ya treni za namna hii, yaani kuwafunga raia kwa mtawala wao. Haikutosha: mwaka 1961 nchi hiyo ikawa jamhuri na kujitoa katika Jumuiya ya Madola.

Huku kwetu wageni wakubwa walitamani kuona kuliko kuonekana. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, mwaka 1909 alipanda treni kutoka Mombasa akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni, apate kuwatazama wanyama. Lakini Elizabeth alipokuja mwaka 1952 aliwasili Nairobi kwa ndege, na baba yake alipofariki tarehe 6 Februari, ni ndege pia iliyomrudisha kwao akiwa malkia.

Sasa hata Uingereza imetangaza kwamba treni ya kifalme itaondolewa kazini ifikapo mwaka 2027, kwa sababu ya gharama. Sina ugomvi na uamuzi huo, ila naomba sana mabehewa yenyewe yasivunjwe. Ukipata nafasi ya kuja Nairobi, tafadhali niarifu mapema, twende pamoja kwenye Makumbusho ya Reli tukayatazame ya kwetu.

Wasalimie wazee.

Rafiki yako,
Zuhura