Barua ya wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Kitulo

Yah: Moto wa nyasi na wadudu wasioweza kuukimbia

Mheshimiwa Mhifadhi Mkuu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka upande wa Isyonje, ninakolima viazi mviringo na pareto. Tangu Kitulo itangazwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hiyo Bustani ya Mungu, kama tunavyoiita, imebaki na maua yake, wakati huku kwetu viazi na miti ya mbao vimekwisha kula karibu nyasi zote za asili. Kwa hilo nashukuru kwa moyo wangu wote.

Ninachokuomba leo ni kidogo sana kwa umbo.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya kukata vidole, nilichuchumaa ukingoni mwa shamba langu palipobaki nyasi kidogo. Kwenye bua moja alikuwepo panzi jike, mgongoni kambeba dume, wote wamelowa umande. Niliwagusa, hawakuruka. Walikuwa wanasubiri jua liwalegeze. Wamekomaa, wanapandana, na hakuna hata mmoja mwenye mabawa. Milima kama Udzungwa inajulikana kwa panzi wa jinsi hii, na wapo wasiopatikana mlima mwingine wowote duniani. Mdudu wa namna hiyo havuki shamba la viazi. Moto ukija, haendi popote.

Agosti ile moto wa mkulima mwenzetu ukaruka, ukala ukingo wote mara moja. Nilirudi pale mara nyingi. Sijamwona tena panzi wa namna ile.

Najua nyanda za majani huhitaji moto wakati mwingine, sikatai. Naomba uchomaji wa hifadhini uwe wa viraka: kipande kichomwe mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, cha jirani kiachwe hadi mwaka mwingine, ili viwavi na mayai yaliyoshikamana na mabua wapate pa kusalimika. Maua ya okidi, aina 45 tunazojivunia, nyingi zake hazifungi mbegu bila mdudu kubeba chavua. Tunalaumu wachimba chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa, na ni haki, ila okidi isiyotembelewa na mdudu nayo inaisha, polepole, bila mtu kushika jembe.

Pili, ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Livingstone na Mlima Rungwe, usisemwe kwa ajili ya kipunji, yule nyani adimu, tu. Kipepeo wa msituni naye anahitaji kivuli kisichokatika.

Tatu, wadudu wahesabiwe. Askari wako wanapita kule kila siku. Wakifundishwa aina kumi tu za kuangalia, tutajua mapema nani anapungua.

Sisi wa pareto tunauza ua linaloua wadudu, ndiyo riziki yetu. Ndiyo maana nataka pawepo mahali wanapoachwa waishi. Mvua za Novemba zikianza, nipo tayari kupanda huko juu na askari wako niwaonyeshe mabua ya kuchunguza. Ni asubuhi tu, kabla jua halijapanda.

Wako katika uhifadhi,
Mkulima wa Isyonje