Babu, huku hatuchimbi dhahabu

Lula, Sardinia

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Assalamu alaykum wewe na wote hapo Ngomeni. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imeniingia mpaka magotini. Barua nimemtumia Mwanaidi kwenye simu akusomee. Mwanaidi, soma polepole, na usiruke mahali panapokuchosha.

Kwanza hili la mgodi. Mama ananiambia maneno yameshafika sokoni kwamba mjukuu wako yuko Italia anachimba dhahabu, na jamaa wawili wameshampigia simu wanataka mkopo. Wallahi sichimbi dhahabu. Mgodi huu, unaoitwa Sos Enattos, ulikuwa wa zinki na risasi, risasi ile ya chubwi za mshipi. Watu waliuchimba tangu enzi za Warumi, ukaja kufungwa mwishoni mwa karne iliyopita. Mimi ni fundi tu wa umeme wa vyombo vinavyopima mtetemo wa ardhi. Tunachotafuta humu ndani ni utulivu, na sokoni huwezi kumweleza mtu hivyo akakuelewa.

Nikueleze wewe. Graviti unaijua bila kuisomea, ndiyo inayoangusha nazi. Mwaka 1916 Einstein alipiga hesabu akasema vitu vizito mno vikizungukana na kugongana huko angani, nafasi yenyewe hutikisika, na mtikisiko huo husafiri kwa mwendo wa mwanga kama mawimbi. Ikapita karibu miaka mia bila mtu kulinasa hata moja. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO huko Marekani ikalinasa la kwanza. Mashimo meusi mawili, yaani vitu vizito na vilivyobanana mno hata mwanga hauwezi kutoka humo, moja zito kama jua letu mara 36 hivi na jingine mara 29, yaligongana zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, na mtikisiko wake ndiyo kwanza ulikuwa unatufikia. Ukapita kwa muda usiotimia robo sekunde.

Namna ya kuunasa ni hivi. Mwanga wa leza unagawanywa mara mbili, kila nusu inaingia kwenye bomba lake refu lisilo na hewa, inagonga kioo, inarudi. Mabomba mawili yamekaa kama pembe ya nyumba. Wimbi likipita, upande mmoja unarefuka na wa pili unafupika, kisha kinyume chake. Kiasi cha kurefuka ni kidogo kuliko kiini cha atomu mara mia na zaidi. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani wananitania kwa sababu ni mgeni.

Sasa fikiria kupima kitu kidogo hivyo juu ya ardhi ambayo haitulii hata usiku. Lori likipita, inatikisika. Upepo ukisukuma miti, mizizi inaitikisa. Mtetemo unaopanda kupitia sakafu wanaujua dawa yake: kioo kinaning'inizwa kwa nyaya, mzigo chini ya mzigo. Shika mshipi wenye chubwi hewani, tikisa mkono haraka haraka, utaona chubwi chini haijishughulishi. Ni hivyo hivyo. Ila kuna adui mwingine, na huyu ndiye anayenikosesha usingizi. Ardhi ikitikisika, udongo na mawe vinasogea, na mawe ni mazito, yana graviti yake. Yakisogea huku, yanakivuta kioo huku. Hapo waya hausaidii, ukuta hausaidii, kwa maana graviti haizuiwi na kitu. Dawa ni kumkimbia: mitetemo mingi hutembea juujuu ya ardhi, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyofifia. Ndiyo sababu wanataka kwenda chini.

Mtambo huo mpya wanaopanga kuujenga chini ya ardhi ili kunasa mawimbi hayo unaitwa Einstein Telescope. Kuna wanaotaka uwe pembetatu yenye pande za kilomita 10, na kuna wanaotaka iwe mitambo miwili ya umbo la L, kila mkono kilomita 15, mmoja huku na mwingine nchi nyingine. Vyovyote itakavyokuwa, utakaa kina cha mita 200 hadi 300. LIGO ina mikono ya kilomita 4 na iko juu ya ardhi; Virgo ya hapa Italia, karibu na Pisa, kilomita 3, nayo iko juu. Wajapani ndio waliotangulia kuingia ndani ya mlima, huko Kamioka, na KAGRA yao ya kilomita 3. Vioo vyake ni vya yakuti, na vinapozwa mpaka kama nyuzi 250 chini ya sifuri. Na sisi vioo vingine vitapozwa hivyo hivyo. Faida ya kwenda chini ni kusikia sauti nzito, maana mashimo meusi makubwa huvuma kwa sauti nzito sana, na mitambo ya juu ya ardhi haiwezi kuyasikia katika kelele zile.

Mahali penyewe panagombaniwa. Tuko sisi Sardinia, kuna mpaka wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na kuna Lusatia, mashariki ya Ujerumani. Sardinia inajisifu kwamba watu ni wachache, viwanda hakuna, na mwamba wake ni wa kale, haujui matetemeko. Kwa hiyo kazi yetu ni kupima na kuandika, mchana na usiku, ili tuwe na ushahidi. Tuna vyombo ndani ya mgodi na vingine kwenye visima virefu, zaidi ya mita 200, upande wa Onanì na Bitti. Kuna ugomvi pia kuhusu mitambo ya upepo ambayo watu wengine wanataka kuisimamisha jirani, kwa kuwa panga zake zinatikisa ardhi. Huko sijiingizi.

Lakini nikuchekeshe. Majuzi nilishuka kwenye kituo cha mita 111 kubadilisha kebo. Buti za mpira, kofia yenye taa, maji yakinidondokea shingoni. Nimemaliza, nimepanda, naangalia skrini: mstari unapanda na kushuka, polepole, wimbi moja kila sekunde nne au tano. Nikasema basi, nimefunga vibaya. Nikashuka tena, nikafungua, nikafunga. Napanda, bado vilevile. Na sasa katikati yake kulikuwa na alama fupi fupi zilizosimama, ambazo ni hatua zangu mwenyewe nikiwa huko chini. Nikampigia mhandisi nikiwa na aibu. Akauliza, "Umeangalia hali ya hewa?" Kumbe upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umechafua bahari, na yale mawimbi yanapogongana huko nje, chini ya bahari hupigwa, na pigo linakuja kwa njia ya mwamba mpaka mgodini. Bahari yenyewe haionekani kutoka hapa, Babu, ni milima mitupu na kondoo. Nilivuta kiti nikakaa kuitazama karibu saa nzima. Hiyo nayo ni kelele, na wanaiondoa kwa hesabu, lakini sikuwaambia kwamba mimi naipenda.

Nakuandikia yote haya kwa sababu ya jambo moja. Wenzangu waliniuliza nimetoka wapi, nikasema Ngomeni, karibu na Malindi. Mmoja wao, mtu wa makamo, akaruka: "San Marco!" Ndilo lile jukwaa la Wataliano la kurushia roketi, hapo baharini kwenu. Akanieleza kwamba setilaiti ya Uhuru iliyorushwa pale kwenu sikukuu ya Jamhuri ya 1970 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kutazama eksrei za angani, na vipimo vyake vya Cygnus X-1, kitu cha angani kinachotoa eksrei nyingi, ndivyo vilivyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na wewe miaka hiyo ulikuwa ukiwavusha wafanyakazi kwa boti mpaka kwenye zile nguzo, ukarudi nyumbani na samaki, ukatuambia tu kwamba Wataliano wanalipa vizuri na wanakula tambi kila siku!

Kwa hiyo nina maswali. Siku ile ulikuwa wapi? Maji yalitikisika? Mwanaidi akurekodi, hata kama ni maneno mawili.

Hela za mashine ya boti nitatuma mwezi ukiisha. Harusini sitafika, karatasi zangu za ukaazi bado wanazizungusha, na nikitoka sasa kurudi itakuwa shida. Msimwambie bibi harusi mpaka nimpigie mwenyewe.

Halafu, ile kofia ngumu ya San Marco uliyoweka jikoni juu ya kabati, usiitupe. Ipigwe picha nitumiwe. Kuna mzee hapa kijijini aliyekuwa mchimbaji, anayo ya kwake, ana hakika kwamba namdanganya.

Mjukuu wako