Namba za nyumba na moto hapa Dodoma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya anwani za makazi, zile namba za nyumba, nikaona nami nichangie. Mimi ni mstaafu, nilianza kazi enzi za Posta na Simu, kabla hawajatenganishwa 1994. Barua zilikuwa zinaishia kwenye sanduku, na wengi walitumia sanduku la shule au la kanisa, ila telegramu ilibidi uipeleke mpaka mlangoni na nyingi zilikuwa za msiba, yaani nikikata kona na baiskeli watu wanaanza kulia hata sijashuka. Ndo maana Chang'ombe ya hapa Dodoma nilijua kila nyumba, na moto ukiwaka usiku vijana wananigongea mimi, tunakimbia na ndoo za mchanga mi naongoza njia.

Sasa tangu serikali ihamie huku mji umetanuka, sijui Nzuguni sijui Ilazo, hata mimi napotea. Mwaka jana stoo ya jirani imeungua huku king'ora tunakisikia mtaa wa pili, kumbe aliyepiga 114 ya zimamoto kaelekeza "karibu na duka la Mangi". Kibao cha namba kipo, ila mwenye nyumba kakipaka rangi.

Naomba kila mwenyekiti wa mtaa atafute vijana kumi wa kujitolea, zimamoto wawafundishe kutumia mtungi wa kuzimia moto na kukata umeme, wapite wakague vibao, na moto ukitokea mmoja akasimame barabarani na tochi apokee gari. Posho sio lazima, sisi tulikuwa tunapewa chai.

Mstaafu wa posta, Dodoma