Ile ripoti niliiandika mimi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nitajitahidi nisiwe mrefu ila najijua. Kuna habari mliitoa ya mhasibu aliyetuma mamilioni ya kampuni kwa matapeli wa mtandaoni, kichwa cha habari mkaandika "aingizwa mkenge", na pale kijiweni kwetu kwenye kahawa gazeti lilivyokua linapita mkono kwa mkono ilikua ni kicheko tu, eti msomi mzima anatapeliwaje na imeili. Mi sikucheka. Nimekaa nayo siku kama nne ndo nikaamua niandike, maana kazi yangu ni hiyohiyo, usalama wa taarifa na mifumo, mwaka wa 11 sasa, na kuna jambo nililifanya ndani ya hii kazi sijawahi kulisema popote.

Kwanza niseme hii kazi watu hawaielewi. Kwetu Moshi wanajua natengeneza kompyuta. Nikienda msibani lazima mtu anivute pembeni na simu aliyosahau paterni, shemeji yangu mmoja alishaniomba nimhakie wasapu ya mumewe na alikua tayari kulipa kabisa. Mama akiulizwa mwanao anafanya nini anajibu "analinda benki", na anayesikia anapata picha ya kirungu na tochi. Na mama hajakosea sana. Mlinzi wa getini akikesha mwaka mzima mwizi asije, mwenye nyumba anaanza kujiuliza huyu namlipa wa nini, ndo ivoivo kwetu, unaingia kwenye kikao cha bajeti unaombea hela kitu ambacho hakijatokea.

Alafu kikitokea kinatokea siku ambayo umeshafunga begi. Watu wa Kilimanjaro mnajua Desemba ni ya kurudi nyumbani kwenda kuhesabiwa. Mwaka 2021 tiketi nilishakata, tarehe 9 tukaadhimisha miaka 60 ya Uhuru, na muda huohuo habari ya Log4j ikaanza kusambaa. Kwa asiyeijua, hicho ni kipande kidogo cha programu cha Java (lugha mojawapo ya kuandikia programu) kinachoandika kumbukumbu, yaani kile kidaftari cha getini cha nani kaingia nani katoka, na kimo ndani ya mifumo mingi mno kiasi kwamba wenye mifumo wenyewe hawakujua kama wanacho. Ubaya wake ni kwamba mtu akijiandikisha getini kwa jina fulani la ajabuajabu, daftari lenyewe linainuka linaenda kumfungulia mlango. Ukubwa wa hatari wakaipa alama 10 kati ya 10. Tukakesha tunaweka pachi, yaani kiraka cha kuziba tundu, toleo la 2.15, tukamshukuru Mungu. Siku chache mbele tunaambiwa hiyo haijatosha, wekeni 2.16. Hatujapumua, kabla hata ya Krismasi, 2.17. Mwaka ule nilihesabiwa kwa simu.

Na Julai 19 mwaka 2024, Ijumaa, akaanguka mlinzi mwenyewe. CrowdStrike, ambao kazi yao ni kulinda kompyuta za watu, walisambaza sasisho lenye kasoro, Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5 zimelala na skrini ya bluu, maelfu ya safari za ndege zikafutwa. Nilifuatilia sana lugha iliyotumika siku ile. Hitilafu. Kila mahali hitilafu, hitilafu ya kiufundi. Sikuona aliyeandika kwamba wale wameingizwa mkenge.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikua kampuni moja hapa Dar, jina naliacha. Uhasibu kulikua na mama mmoja wa makamo, sote tulimwita Dada, mtu wa kufika saa moja kasoro kabla hata geti halijafunguliwa vizuri, chupa yake ya chai ya tangawizi pembeni, kazi yake kuwalipa wanaotuuzia bidhaa. Siku hiyo ikaja imeili ya muuzaji wetu wa siku zote. Haikuja kama kitu kipya, ilikuja ndani ya mazungumzo yaleyale waliyokua wanajibizana wiki nzima, namba ya invoisi ndo yenyewe, kiasi ndo chenyewe, mpaka ule mtindo wa yule muuzaji wa kumalizia na "ubarikiwe sana" upo. Kilichobadilika ni akaunti tu, tumehamia benki nyingine, ile ya zamani iko kwenye ukaguzi, naomba lipia hii. Dada akaandaa malipo, meneja akasaini (narudia, meneja akasaini), milioni 38 zikaenda kwa TISS, ule mfumo wa mabenki wa kuhamisha hela kubwa palepale, na TISS ikishaenda imeenda. Hapo hamna aliyevunja mlango wetu. Mtu alikua ameshaingia kwenye boksi la imeili la muuzaji, amekaa kimya anasoma, anasubiri invoisi iliyonona, akaja na anwani inayofanana na ile ya kweli kasoro padogo sana.

Kawaida muuzaji akipokea hela anashukuru palepale. Siku ile kimya. Saa nane mchana Dada akampigia, muuzaji akamwambia sisi benki hatujabadili. Haya yote niliyajua baadaye. Na baadaye ndo benki wakatuambia hela ilianza kutolewa kesho yake asubuhi, kwa maana hiyo kulikua na mchana, jioni na usiku mzima wa mtu mmoja kupiga simu moja. Dada hakupiga. Alienda chooni akalia, akarudi akamalizia kazi, akapanda daladala ya Mbagala, hakulala, akaja kusema siku ya pili jioni wakati kule wameshakausha.

Kwanini alinyamaza? Miezi miwili kabla, kijana wa stoo alifungua kiambatanisho kwenye imeili ya majaribio, zile tunazotuma makusudi kupima watu, na jina lake likasomwa kwenye kikao cha wafanyakazi wote, watu wakacheka mpaka basi, yule kijana akawa anaitwa Bonyeza. Imeili ile nilituma mimi. Majina nilimpa bosi mimi, kwa slaidi nzuri kabisa ya rangi, waliobonyeza nyekundu. Dada alikua mstari wa pili kutoka mbele, anaangalia.

Ripoti ya zile milioni 38 nikaiandika mimi, kurasa 9. Ukurasa wa 7 nikaweka chanzo cha tukio: uzembe wa mtumiaji, kushindwa kuhakiki anwani ya mtumaji. Watu wa HR wakainakili ile sentensi kama ilivyo kwenye barua ya kumwachisha kazi. Meneja aliyesaini akapewa onyo la mdomo. Na kuna kitu sikukiandika, kwamba kampuni haikua na utaratibu wa kumpigia muuzaji kwenye namba tunayoijua kabla ya kubadili akaunti. Sikukiandika kwa sababu kuupendekeza ule utaratibu ilikua kazi yangu mimi.

Ila Mungu si Athumani. Mwaka jana najenga huko Kibamba, nimekubaliana na fundi wa tailizi nimtumie laki moja na themanini ya saruji, niko kwenye mwendokasi nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mmoja simu, inaingia meseji, ile hela itume kwenye namba hii. Unaijua hiyo meseji Mhariri, kila Mtanzania anaijua, mi mwenyewe nimeshaizungumzia kwenye semina watu wakanipigia makofi. Nikatuma. Likatokea jina la mwanamke nikajijibu mwenyewe kwamba huyu atakua mke wa fundi, yaani tapeli hakuhitaji hata kunidanganya, nilimsaidia. Hapo tuko kituo cha Usalama, Magomeni, jina la kituo nalo halikunisaidia. Kabla hatujafika Manzese fundi anapiga, bosi vipi ile hela mbona kimya.

Na hapa ndo aibu yangu ilipo. Cha kufanya nilikua nakijua kuliko mtu yeyote ndani ya lile basi. Piga huduma kwa wateja wauzuie ule muamala kabla hajatoa, alafu namba ya tapeli itume 15040 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano. Nimekariri. Nilikaa na simu mkononi mpaka Kimara Mwisho, nikashuka, nikanunua maji, nikakaa kwenye benchi, nawaza nikipiga yule dada wa huduma ataniuliza unafanya kazi gani. Nani anauliza hivo? Hakuna anayeuliza hivo. Lakini ndo nilichokua nawaza. Nimekuja kupiga saa moja na nusu baadaye, dada wa watu mpole kabisa, "pole sana kaka, ilishatolewa kwa wakala." Mke wangu nilimwambia baada ya wiki, tena baada ya kuona hesabu ya saruji haikai sawa.

Ndo nikamwelewa Dada. Yeye alinyamaza siku nzima na ushee kwa milioni 38 zenye ajira yake ndani, mi nimenyamaza saa moja na nusu kwa laki na themanini na hakuna hata wa kunifukuza.

Toka hapo zile kesi kubwa nazisoma kwa jicho lingine. Ile ya Benki Kuu ya Bangladesh ya Februari 2016 nilikua naifundisha kwa kuchekesha watu. Wezi waliingia kwenye mfumo wa benki kuu ya nchi, wakaagiza hela zake zilizoko New York zihamishwe, karibu dola bilioni moja, na wakachagua Alhamisi usiku kwa sababu kule wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Printa ya kutoa karatasi za miamala ikagoma, wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kila siku, na hapo ndo nilikua nawachekesha watu na "jamaa wa printa". Hivi nani hapa nchini ameona printa imegoma akasema tumeibiwa? Dola milioni 81 zikapitia Manila na nyingi zikapotelea kwenye makasino. Dola milioni 20 nyingine zilizokua zinaenda Sri Lanka zilizuiwa kwa sababu wezi walikosea neno, badala ya "foundation" wakaandika "fandation", mtu wa benki ambayo hela zilikua zinapitia akashtuka akauliza. Benki kuu nzima hizo iliponea kwenye herufi.

Kazini nilipo sasa nimebadilisha mambo mawili. Majaribio bado natuma ila majina hayatoki kwangu, bosi anapewa idadi basi. Na kuna namba moja ya simu, ninayo mimi, ukibonyeza kitu piga muda huohuo hata saa tisa usiku, ukiwahi kusema huandikiwi barua. Bosi aligoma kweli, akasema utawalea watu kwenye uzembe. Tulibishana karibu miezi mitatu, akakubali kwa majaribio. Simu nyingi zinazokuja ni za ajabu, mmoja ameniamsha alfajiri kuniuliza kama mtu anaweza kuhakiwa akiwa kwenye pikipiki, mlinzi wa getini alipigiwa na anayejifanya mtu wa kodi akanipa namba yake haraka utafikiri kashika mwizi. Lakini mwezi wa pili tu toka tuanze kuna binti wa mapokezi alipiga dakika tano baada ya kuweka paswedi yake kwenye ukurasa wa uongo, tukaibadilisha mtu hajaingia. Sauti ilikua inatetemeka. Alipiga lakini.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkizipata tena hizi habari, ulizeni nani alisaini. Ulizeni kati ya mtu kugundua na mtu kusema zilipita saa ngapi, na alikua anamuogopa nani. Na mwishoni wekeni 15040, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, nafasi itapatikana tu, mkiondoa lile neno la mkenge inatosha.

Mwezi uliopita nilikua Kariakoo natafuta mapazia ya hiyo nyumba, nikaingia kwenye kiduka kimoja, nainua macho ni Dada. Amepungua kidogo. Tukasalimiana, akanipa kigoda, nikaona bora niseme, nikamwambia Dada ile ripoti niliiandika mimi. Akasema anajua, jina langu lilikuwepo chini. Akaendelea kukunja kitambaa. Alafu akaniuliza, "Lakini kaka, ile anwani ilikua na kosa gani hasa? Barua ilisema nimeshindwa kuihakiki, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kunionesha."

Nikaomba kalamu. Nyuma ya risiti nikaandika jina la ile kampuni mara mbili, ya juu kwa m, ya chini pale kwenye m nikaweka r na n zimebanana. Nikamshikia kwa umbali ule wa skrini. Akaangalia, akaenda kuchukua miwani kwenye droo, akarudi akaangalia tena.

"Sasa hapo ya wezi ni ipi?"

Ni mimi mlinzi wa mifumo,
Kimara, Dar es Salaam