Heshima ya Buck O'Neil ilikuja akiwa kaburini

Mhariri,

Nimewasoma miaka kumi na miwili bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita juu ya Buck O'Neil, mchezaji na kocha Mweusi wa besiboli wa Marekani, imenishinda kunyamazia. Eti swali la kama alistahili Jumba la Umaarufu la besiboli, wanakoenziwa magwiji wa mchezo huo, lilimalizika vizuri mwaka 2022. Vizuri kwa nani?

Alistahili tangu zamani. Aliichezea Kansas City Monarchs, timu ya ligi za Weusi, enzi ambazo Weusi walifungiwa mlango wa ligi kuu, kisha akaifundisha. Mwaka 1962 Chicago Cubs, timu ya ligi kuu, wakampa kazi, akawa kocha wa kwanza Mweusi katika ligi hiyo. Wanaohesabu mipira aliyopiga, wawahesabu na vijana aliowalea: nyota Ernie Banks alipita mikononi mwake, nyota mwingine Lou Brock alisajiliwa naye.

Februari 2006 kamati ya Jumba hilo ya watu 12 iliwapigia kura watu wa ligi za Weusi. Ikawachagua 17, wote marehemu! Kati ya waliokuwa wakipigiwa kura, wawili tu walikuwa hai, O'Neil na mchezaji Minnie Miñoso, na ndio hao walioachwa. Julai, O'Neil, mzee wa miaka 94, akapanda jukwaani Cooperstown, mji wenye Jumba hilo, kuwasemea wale 17, akawashikisha watu mikono wakaimba naye. Oktoba akafariki. Miñoso naye akafariki 2015. Desemba 2021 wakachaguliwa wote wawili, siku moja. Kwenye sherehe ya 2022, aliyesimama kumpokelea O'Neil ni mpwa wake.

Uchungu huu naujua. Marehemu baba alifundisha soka vijana wa Tanga miaka 31. Sukari ilipomlaza, klabu aliyoilelea wachezaji haikuleta hata salamu. Siku ya maziko wakaja basi zima, na risala, na fulana zenye picha yake. Mama akapokea moja, akaniuliza, "Hii nimvishe nani?"

Nanyi magazeti ni hivyo hivyo. Kurasa za tanzia zimejaa sifa za watu ambao hamkuwahi kubisha hodi kwao.

Pendekezo langu kwa Jumba hilo: mwenye miaka 75 na zaidi apigiwe kura kabla ya marehemu yeyote, na kila mpiga kura aitangaze kura yake siku hiyohiyo. Nanyi kila Jumamosi mhojini kocha mmoja mzee, nyumbani kwake. Wa kwanza yuko Ngamiani, Tanga, alikuwa msaidizi wa baba. Ana miaka 81 na bado anasikia vizuri.

Msomaji wenu,
Kansas City, Marekani