Shingo kupinda baada ya sindano ya haloperidoli si kurogwa

Mhariri,

Kijana anayesikia sauti zisizokuwepo huchomwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, jioni. Kesho yake shingo imepinda, macho yamekwama juu, ulimi unamtoka. Jamaa husema karogwa tena au kapewa sumu. Vidonge hutupwa chooni na safari ya kwa mganga huanza. Naomba nafasi nieleze, kwa kuwa hali hii ina tiba, na ikitibiwa kwa sindano kwa kawaida huisha ndani ya saa moja.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na kila kemikali hupokelewa na protini zake maalumu ziitwazo vipokezi. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, mojawapo ya kemikali hizo, vya aina ya D2, na hapo ndipo sauti na dhana potofu hupungua. Lakini dawa haichagui mtaa. Vipokezi hivyohivyo vimejaa katika sehemu ya ubongo inayoratibu misuli, na vikizibwa huko misuli hukaza. Vipimo vya picha za ubongo vilionyesha kuwa nafuu huja pale takriban asilimia 65 ya vipokezi inapozibwa, na ukakamavu huanza kuonekana ikipita asilimia 78 hivi. Nafasi hiyo ni finyu mno. Anayeugua mara ya kwanza mara nyingi hutoshwa na miligramu 2 hadi 5 kwa siku. Kumrundikia zaidi ili atulie upesi ni kumtafutia madhara tu.

Wanaokakamaa zaidi ni vijana wa kiume, katika siku chache za mwanzo. Mrudisheni kituoni siku hiyohiyo. Koo likikaza akashindwa kupumua au kumeza, ni dharura. Si lazima kusafiri hadi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Kampala: promethazini ya sindano au vidonge vya benzheksoli, ambavyo wengi huviita Artane, huweza kutolewa kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne. Benzheksoli nayo isigawiwe kwa mazoea. Hukausha mdomo, hufunga choo, humvuruga mzee akili, na wapo wanaoitafuta kwa ulevi.

Dhara linalopotosha hata wahudumu ni kukosa utulivu wa miguu. Mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anatembea, anarudi, anasimama tena. Watu husema kichaa kimezidi, dozi inaongezwa, naye anazidi kuhangaika. Kinachotakiwa ni kinyume chake, yaani kupunguza dozi, na mara nyingine kuongeza propranololi, ila si kwa mwenye pumu. Muulizeni mgonjwa mwenyewe: je, ni sauti zinazomtembeza, au ni miguu inayomkatalia kutulia? Na asiache dawa ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, kwa sababu ugonjwa hurudi.

Wenye maduka ya dawa nao wanahusika. Metoklopramidi, au Plasil, inayouzwa kwa wanaotapika, huziba D2 vilevile. Mtoto au msichana aliyeimeza anaweza kupinda shingo kama mwenye pepopunda. Asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, isizidi siku 5, na kwa wengine muuzaji aulize umri na uzito kwanza. Mkifika kituoni na mtu aliyekakamaa, mtajieni mhudumu kila dawa aliyomeza, hata ile ya tumbo, au beba pakiti yenyewe.

Mfamasia,
Mbale