Kuhusu kombati nje ya zamu

Morogoro

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako niliipokea wiki iliyopita kwa mkono wa kijana wako aliyekuwa safarini kwenda Dodoma, nami nilifurahi kusoma kwamba nyumbani wote hamjambo na kwamba mguu wa shemeji umepata nafuu. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Mvua zimechelewa, lakini mahindi ya bondeni bado yamesimama.

Umeniambia kwamba umepewa jukumu la kuzungumza na vijana waliopangiwa kikosini kwenu baada ya kumaliza mafunzo, na kwamba miongoni mwa mambo unayotaka kuwaeleza ni hili la kuvaa kombati wanapokuwa nje ya zamu: baa, vijiweni, kwenye harusi za marafiki na kwenye mechi za jioni. Umeniandikia pia maoni yako, kwamba huoni ubaya wowote, kwa kuwa jeshi letu ni la wananchi, na mwananchi anapaswa kumzoea askari wake mpaka hofu imtoke. Hoja hiyo inatoka kwa mtu anayelipenda Jeshi, nami nimekaa nayo siku nne nzima kabla ya kushika kalamu. Hata hivyo nimefika mahali tofauti na ulipofika wewe, na sababu kubwa ni jambo lililonipata nikiwa koplo, ambalo kwa miaka yote hii sijapata kumsimulia mtu.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba mtaani, na jirani na nyumba ile palikuwa na mwembe ambao wazee walikutana chini yake kila alasiri kucheza bao. Kati yao alikuwamo mzee mmoja seremala, ambaye watu walimwogopa kwenye bao kuliko mtu mwingine yeyote katika mtaa ule, kwa maana alihesabu kete za mwenzake kana kwamba zimeandikwa namba. Siku moja nilitoka lindo asubuhi, nikapitia shughuli zangu mjini, na alasiri nikajikuta pale nikiwa bado na kombati, buti na bereti. Nilikaribishwa kwa heshima kubwa. Kijana aliyekuwa anangoja zamu yake aliinuka akanipa kigoda, mzee akaniita afande, tukapanga kete, na nikamfunga mara mbili mfululizo. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kitu cha haki, na kwa siku kadhaa nilijiona kuwa mchezaji wa bao.

Majuma mawili baadaye nikapewa likizo fupi, nikaenda tena pale mwembeni nimevaa shati na kandambili. Mzee yule alinimaliza tukiwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo. Hata mtaji, hatua ya pili, hatukuufikia. Tukarudia, akanifunga tena huku akizungumza na jirani yake habari za bei ya mbao. Usiku ule ndipo nilipoanza kuikumbuka vizuri ile michezo miwili ya kwanza. Nilikumbuka kwamba palikuwa na wakati alikuwa na njia mbili za kula, moja ikiingia moja kwa moja kwenye nyumba yangu, lile shimo kuu la kete, iliyokuwa imejaa, na nyingine ikimpatia kete tatu tu za pembeni. Aliitazama nyumba yangu kwa muda, kisha akachukua zile tatu. Kesho yake nilimfuata karakanani kwake nikamuuliza kama siku ile aliniachia. Aliendelea kupiga randa, kisha akasema, “Mwanangu, siku ile sikujua nacheza na nani.”

Ndugu yangu, sikuwa nimemtisha mzee yule. Sikupandisha sauti, sikutaja cheo, sikuomba kigoda. Nilikuwa kijana mwenye adabu aliyependa bao. Kombati ndiyo iliyozungumza kwa niaba yangu, tena ilisema maneno ambayo mimi nisingeyasema kamwe, na kila mtu pale mwembeni aliyasikia isipokuwa mimi niliyeivaa. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Sisi tuliofundishwa habari za sare tulifundishwa kwa upande wa heshima ya Jeshi: usiichafue, usilewe ukiwa nayo, usiivae nusunusu. Hayo ni kweli. Lakini hatukufundishwa kumtazama yule aliyekaa upande wa pili wa meza, ambaye mbele ya kombati anapoteza uhuru wake wa kukataa, wa kubisha, wa kudai chake, na hata wa kutufunga bao.

Sasa uitazame baa unayoitaja katika barua yako. Mhudumu anamletea kijana wako bili, naye kwa nia njema anasema atalipa kesho. Mhudumu yule angemwambia raia yeyote kwamba hapa hakuna mkopo, lakini kwa huyu atanyamaza na kesho atatoa pesa mfukoni mwake. Mtu anamshikia kiti rafiki yake aliyetoka kwa dakika moja, na askari akiuliza kwa upole kama kiti kina mwenyewe, ataambiwa hakina. Binti anasalimiwa na kuombwa namba ya simu, naye hataki. Je, atakataa kwa uwazi uleule ambao angemkatalia fundi au mwalimu? Katika kila jambo kati ya haya askari wetu hajafanya kosa lolote ambalo polisi wa jeshi wangeweza kumkamata nalo, na kesho akiulizwa ataapa kwa dhati kwamba watu wa mtaa ule wanampenda. Mimi pia niliamini kwamba nilimfunga mzee bao.

Umeandika kwamba jina la Jeshi la Wananchi lenyewe linatutaka tuonekane kati ya watu. Turudi basi kwenye asili ya jina hilo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambapo leo tunapaita Lugalo, wakawakamata maofisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini na silaha, na Serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza ili kuwatuliza. Jeshi lile lililorithiwa kutoka King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, likapewa jina ambalo kila neno lake lilikuwa ahadi. Waliolichagua walikuwa wametoka kuona jinsi raia wanavyojifungia ndani kwa sababu ya watu waliovaa sare. Kwa hiyo jina lile mimi nalisoma kama wajibu wa askari kuwa mwananchi mwenzao pale anapokaa nao, na ukaribu huo huja upesi zaidi kwa shati kuliko kwa kombati. Mkufunzi wetu mmoja, ambaye bila shaka unamkumbuka kwa kikohozi chake, aliingia Kampala Aprili 1979 na majeshi yetu yaliyomwondoa Idi Amin, naye alitusimulia kwamba siku za mwanzo, alipoingia dukani kununua sabuni na pesa mkononi, mwenye duka alirudi nyuma akamwachia kaunta ajichukulie mwenyewe. Watu wale walikuwa wameishi miaka minane chini ya Amin, na walikuwa wamejua sare inaweza kufanya nini usiku. Mkufunzi alisema kwamba katika vita nzima hakuna kitu kilichomhuzunisha kama kaunta ile.

Lipo jambo jingine la karibu zaidi. Agosti 2023 Jeshi letu liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yote yanayofanana na ya kijeshi, na nilishuhudia kwa macho yangu hapa sokoni wauza mitumba wakichambua marobota yao ili kuondoa kila suruali na kila kofia ya mabakabaka. Niliunga mkono agizo lile na bado naliunga mkono, kwa sababu wapo wahalifu waliokuwa wakijificha ndani ya nguo zile. Lakini zingatia msingi wake. Tulimwambia muuza mitumba, ambaye hakuwa na nia mbaya, kwamba vazi hili lina uzito wake lenyewe, na kwamba watu wakiliona hutii kabla hawajamjua aliyelivaa. Tukishakubali hivyo kwa raia, hatuwezi tena kumwambia kijana wetu kwamba akiwa na chupa mbele yake vazi lilelile ni nguo ya kawaida tu. Uzito wake haupungui kwa sababu mwenyewe amemaliza zamu. Tena huongezeka, kwa kuwa yeye ana haki ya kweli ya kulivaa, na hakuna raia atakayethubutu kumuuliza amelivaa kwa kazi gani.

Mfano wako wa Marekani, ambako askari hupita viwanja vya ndege na sare na kushukuriwa na watu wasiomjua, ni wa kweli, lakini kanuni za jeshi hilohilo zinamkataza askari kuingia na kombati katika mahali ambapo biashara yake kuu ni kuuza pombe, na zinamkataza pia kwenda nayo kwenye mikutano ya kisiasa. Kwa wengine sababu ni usalama. Oktoba 2014, baada ya wanajeshi wawili wa Kanada kuuawa katika mashambulizi mawili ndani ya siku tatu, wenzao waliagizwa wasionekane hadharani na sare wakiwa nje ya kazi. Waingereza, ambao kwa muda mrefu waliificha sare kwa kuogopa mashambulizi ya IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wao, mwaka 2008 walipewa ripoti iliyopendekeza kinyume, kwamba askari wahimizwe kuivaa ili watu wawathamini. Ninayataja haya kwa kuwa wewe ndiye uliyefungua mlango huo, ila sidhani kwamba yanatuamulia jambo letu. Hofu ninayokuandikia ni ya upande mwingine: ni ya raia mwenyewe, naye hana kamanda wa kumlinda kwa agizo.

Usinielewe kwamba nataka sare ifungiwe kabatini. Ofisa anapofunga ndoa, akatoka kanisani au msikitini kwa sare ya sherehe huku wenzake wamemtengenezea upinde wa panga, hilo ni jambo zuri na la halali, na Jeshi limelitolea ruhusa yake na utaratibu wake. Kila aliyealikwa anajua anatazama nini, na hakuna anayedaiwa kitu. Vivyo hivyo tunapomzika mwenzetu. Na iko siku moja ambayo nisingetaka askari yeyote anyimwe, nayo ni ile anapofika nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya mafunzo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinishika mabega akanigeuza mara mbili, kisha akanipeleka kwa majirani watatu nikiwa na buti miguuni na njaa tumboni. Ile ilikuwa haki yake, na mpaka leo nikiifunua picha ya siku ile macho yananilemea. Hata wazee wa pwani walijua mvuto huu: katika ngoma za beni watu wasio askari walijipanga kwa vyeo na mavazi ya kijeshi, Marini kwa Arinoti, makundi mawili ya ngoma hizo, wakashindana kwa umaridadi. Kijana anayetaka kupendeza kwa sare hana ugonjwa wowote. Ila beni walikuwa wakicheza, na kila mtu uwanjani alijua ni mchezo. Hakuna aliyemwachia mwenzake kiti kwa hofu.

Kuna hoja moja ambayo hukuiandika, lakini naijua kwa kuwa nimeishi nayo. Baadhi ya vijana wale hawana nguo. Mshahara wa kwanza umekwenda kwa wazazi, wa pili kwenye kodi ya chumba, na shati la maana la kuendea harusini halijanunuliwa. Wengine wameshaona kwamba ukiwa na kombati kondakta haombi nauli. Usiwakemee kwa hilo, tafadhali. Waambie kwamba safari ya kwenda kazini na kurudi ni jambo moja, na kumfanya kondakta akubebe bure hadi kwenye starehe zako ni jambo jingine, kwa sababu kondakta yule jioni anahesabiwa na mwenye gari. Kisha, kama una sauti kwa mkuu wako, omba vijana wanaotoka zamu watengewe chumba cha kubadilishia nguo na makabati yenye kufuli, ili mtu asilazimike kurudi hadi chumbani kwake upande wa pili wa mji kabla ya kwenda kuwaona rafiki zake. Nina hakika kwamba nusu ya kombati unazoziona baa zimefika huko kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuziacha.

Mzee seremala alifariki miaka mingi iliyopita. Kabla ya hapo nilicheza naye pengine mara mia, nikamfunga mara nne, na mara hizo nne nazikumbuka zote, kete kwa kete, kwa sababu zilikuwa zangu kweli. Zile mbili za kwanza sijawahi kuzihesabu.

Niandikie baada ya kuzungumza na vijana, unieleze waliuliza nini. Msalimie sana shemeji, na umwambie kwamba mbegu za mchicha alizoniagiza nitampelekea mwenyewe mwisho wa mwezi, nitakapokuja kuwaona.

Wako wa tangu ukuruta,

Ndugu yako